Betri Yangu na ya Mtani Wangu

Sijawahi kumwonea mwanamke wivu kwa sababu ya nguo, maana nguo nashona mwenyewe. Sijamwonea mtu wivu kwa nyumba wala kwa watoto. Zena nilimwonea wivu kwa sababu ya vifundo vya miguu yake. Mgonjwa wa moyo mwenzangu, hapo ulipo umeshanielewa. Asubuhi ukiamka, hata kabla hujasali, unatupa jicho miguuni kuona kama kifundo kipo au kimemezwa na maji. Vya Zena vilikuwepo kila siku, vimechongoka vizuri, naye alikuwa anavaa viatu vya mikanda makusudi ili wenzake tuvione.

Naandika kwa ajili yako uliyewekewa betri ya moyo, au uliyeambiwa utawekewa na sasa chakula hakipiti. Mambo ya mishipa na umeme wa moyo muulize daktari wako. Mimi ni fundi cherehani wa Kilosa mjini, nimeishia darasa la saba. Ninayoyajua ni ya kwenye benchi la kusubiria, na ya nyumbani baada ya benchi, na mengine ni ya aibu.

Ugonjwa ulinianzia juu ya cherehani. Ilikuwa Januari, msimu wa sare za shule, vitambaa vimejaa hadi mlangoni, na kila nikikanyaga pedali dakika tano nahema kama nimepanda milima ya kwetu Berega na ndoo kichwani. Nikasema uzee umebisha hodi. Nilikuwa na miaka hamsini na moja. Kisha viatu vikanikataa. Nikahamia malapa ya mume wangu, Baba Elia, nayo yakaanza kuniachia alama za mikanda. Kulala chali nikashindwa. Mto mmoja ukawa miwili, ikawa mitatu, mwisho nikawa nalala nimekaa, nimeegemea ukuta, na Baba Elia akahamia kitanda cha wageni kwa sababu, alisema, nikikohoa kitanda kizima kinatikisika. Wakanitibu pumu. Wakanitibu nimonia. Yupo hata aliyenitibu mawazo. Hospitali ya kule kwetu Berega ndiyo iliyogundua kuwa moyo umetanuka, wakanipa barua ya Morogoro, na Morogoro wakanipa barua ya Dar.

Dar ndipo nilipokutana na Zena. Tulikuwa tumekaa kwenye benchi la korido tangu alfajiri tunasubiri kuitwa. Upande wangu mmoja alikaa Baba Elia na mfuko wa dawa na chupa ya uji. Upande wa pili alikaa huyu mama, mdogo wangu kwa miaka kama mitano, anahema kwa mdomo kama mimi, miguu imejaa kama yangu. Hakuwa na mtu. Begi lake alilipakata mwenyewe.

"Unatokea wapi, dada?" akaniuliza.

"Kilosa."

"Kabila?"

"Mkaguru."

Akajishika kifua. "Alhamdulillahi! Nimepona hata daktari hajaniona. Nimekutana na mtumwa wangu!"

Korido nzima iligeuka. Mimi nikacheka hadi nikakohoa, maana nilishajua. Zena ni Mnyamwezi wa Ruhembe, huko mbele ya Mikumi kwenye mashamba ya miwa. Babu yake aliletwa kukata mkonge, baba yake akaingia kwenye miwa, na yeye Tabora haijui hata stendi yake, ila Unyamwezi wote umehamia kwenye ulimi. Wakaguru na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara. Mtani anakuambia lolote, anakutukana mbele ya mkweo, anachukua kitu chako na hakirudishi mpaka ukikomboe, nawe huruhusiwi kukasirika. Ukikasirika umeshindwa. Na siku mkifiwa, yeye ndiye anayekuja kufanya vituko msibani mpaka waliao wacheke.

Tuliwekewa betri siku moja, yeye kwanza, mimi baada yake. Walipompitisha na kitanda mlangoni kwangu, macho hayajafunguka vizuri, alinyanyua kidole. "Mkaguru. Nimechagua mimi. Nimekuachia ile mbovu."

Nilicheka. Sikujua nitalikumbuka neno hilo miaka saba.

Betri yenyewe si kitu cha kutisha. Inakaa chini ya mfupa wa bega la kushoto, ukubwa kama kiberiti kilichobonyezwa, na ukipitisha kidole unausikia ukingo wake. Wiki sita za kwanza mkono wa kushoto hauruhusiwi kupanda juu ya bega. Jaribu kusuka nywele hivyo, jaribu kuvaa gauni. Baba Elia, mtu aliyefanya kazi reli miaka thelathini bila kujua chumvi inakaa wapi, alijifunza kunifunga vifungo vya mgongoni, na kila kifungo aliguna. Mkanda wa sidiria ulikuwa unaniumiza juu ya mshono, basi nikashona blauzi yenye kipande laini cha sponji upande ule, nikapata nafuu siku hiyohiyo. Kama una binti anayeshona mwambie akufanyie hivyo. Nilishona mbili kwa kitenge kimoja, moja yangu, moja ya Zena. Nasema hili ili ujue kuwa nilimpenda. Wivu haukuzuia hilo, na hilo halikuzuia wivu.

Kliniki ya miezi sita tulikwenda pamoja. Zamani, kabla ya treni mpya, njia fupi ya kutoka Kilosa ilikuwa ya Dumila, lakini mimi nilizunguka Mikumi makusudi ili nipande basi moja naye. Basi likiingia mbugani, Zena alikuwa anasubiri nyani waliokaa kando ya lami, kisha ananipiga kiwiko. "Wasalimie wajomba zako, Mkaguru. Si vizuri kupita ndugu kimya." Abiria wanacheka, mimi namjibu kuwa wale ni Wanyamwezi waliochoka mizigo wakaishia hapo. Hivyo hivyo mpaka Morogoro, tukisimama tu pale ambapo dawa ya mkojo ilitulazimisha.

Siku ile walimpima yeye, daktari akaita wenzake wawili waje waangalie kioo. Moyo wake ulikuwa umerudi karibu na kawaida. Nikaingia mimi. Daktari akaangalia, akaangalia tena, akaniambia kwa upole, "Mama, wako haujapanda sana. Lakini haujashuka. Betri wengine inawakubali sana, wengine kidogo."

"Mimi ni wa kidogo?"

"Kwa sasa, ndiyo. Hata kidogo kinakuweka hai."

Alikuwa anasema kweli, na leo namshukuru. Lakini siku ile nilitoka nje nikamkuta Zena amekaa anakula chungwa. Dawa tulikunywa zilezile. Chumvi niliacha mimi, yeye nilimwona kwa macho yangu akila dagaa wa chumvi. Kanisani nilikuwa naombewa kila Jumapili. Kwa nini yeye?

Miaka ikaenda hivyo. Mimi nilihesabu masika kwa kulazwa. Mto Mkondoa ukijaa na miguu yangu inajaa, siku tano wodini, dripu, mizani kila asubuhi, narudi nyumbani suruali za watu zinanisubiri. Pedali nilishindwa kabisa, mwanangu Elia akaninunulia cherehani ya umeme, na huo ni wema mdogo ambao sitausahau. Zena yeye alihesabu kwa misimu ya miwa. Mwaka wa pili alirudi shambani. Mwaka wa tatu alicheza ngoma kwenye harusi ya mwanawe, Kulwa, na akanitumia video. Nikaitazama mara nyingi kuliko inavyofaa, nikitafuta kama atashika kifua. Hakushika.

Treni ya umeme ilipoanza kusimama Kilosa mambo yakawa rahisi. Treni ina choo, na anayekunywa dawa ya mkojo anajua hiyo ni rehema gani. Zena akawa anakuja kulala kwangu siku moja kabla ya kliniki. Ananyang'anya mwiko jikoni, anasonga ugali wa watu wanane huku anaimba, anabeba ndoo mbili toka bombani, na Baba Elia, ambaye kwangu alikuwa amebakiwa na maneno mawili tu, "umemeza dawa?", kwake anacheka mpaka anafuta machozi. Mimi nimekaa kwenye kiti changu na mito yangu. Nyumba yangu, jiko langu, mume wangu, na mgeni ndiye anayeishi humo.

Jioni moja, Zena akiwa bombani, Baba Elia akasema, bila ubaya, "Mama Elia, mbona mwenzako analima?"

Wewe! Maneno matatu tu. Nilimnunia siku tatu. Nilijifungia nikajitazama kwenye kioo, mkono juu ya betri, nikaiuliza, na wewe una kazi gani humo? Na kweli nilianza kuamini lile neno la korido, kwamba yeye alichagua na mimi nimeachiwa mbovu. Ujinga, najua. Ukiwa mgonjwa akili inatafuta mwizi.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe.

Mwaka wa saba masika ilinilaza tena, kliniki Zena akaenda peke yake. Ilipofika Juni, miwa inakatwa, nikapigiwa simu na Sista Anjela, muuguzi anayesoma betri zetu.

"Mama Elia, namtafuta Zena hapatikani. Nilimpa tarehe ya karibu akaipitisha. Betri yake inafika mwisho. Tafadhali mwambie aje wiki hii. Isizimike huku yuko shambani."

Nikasema nitamwambia. Nikapiga namba ya Zena mara moja. Haikupatikana. Mara moja, nimesema. Namba ya Kulwa nilikuwa nayo kwenye simu hiyohiyo na sikuipiga. Siku ya kwanza nilisema ana kazi za shamba. Siku ya pili nilisema nitapiga kesho. Siku ya tatu sikujisemesha chochote, nilishona tu. Ninyi mnaosoma mnaweza kusema nilisahau. Sikusahau hata saa moja. Nilikuwa na kitu chake mkononi, kwa mara ya kwanza mimi nilikuwa na kitu ambacho yeye hana, na sikutaka kukiachia.

Siku ya tisa tukafiwa. Baba mdogo wa Baba Elia alifariki Mikumi. Tukaenda, na watani wakafika kama desturi. Nilisikia kelele kabla sijamwona. Zena alikuwa ameingia amevaa koti la marehemu, amejifunga kamba kiunoni, anatembea kama marehemu alivyokuwa anatembea, bega moja chini, anadai chai yake na sukari vijiko vinne. Mjane mwenyewe alicheka huku analia. Kisha Zena akaketi katikati ya njia ya kwenda makaburini, akazuia mwili usipite.

Na alipoketi nikaona miguu yake. Amevaa malapa ya kiume. Vifundo havikuwepo.

Nilifurahi. Naomba ulisome neno hilo jinsi lilivyo, sikulipamba. Moyo wangu huu wa kidogo uliruka kwa furaha. Nikasema ndani, na yeye aonje.

Halafu nikasimama mbele ya watu wote nikapaza sauti. "We Mnyamwezi! Wamepiga simu kutoka Dar. Betri yako imeisha! Wanasema uirudishe wampe mtu mwenye akili!"

Msiba mzima uliangua kicheko. Zena akapiga makofi. "Waambie wamechelewa, Mkaguru! Nimeshaiuza Ruhembe, inavuta maji ya miwa!" Akanyanyuka, taratibu kuliko kawaida yake, akanivua kanga begani. "Na hii naishika mpaka waniletee nyingine."

Watu wakashika matumbo. Mimi pia nikacheka. Ujumbe nilikuwa nimeufikisha, tena mbele ya mashahidi mia. Lakini niliufikisha kwa mdomo wa mtani, na nilijua vizuri kuwa neno la mtani msibani hakuna anayelibeba kwenda nalo nyumbani. Ndiyo maana nililisemea pale.

Tukiwa tunarudi Kilosa, Baba Elia akasema, "Ile ya betri uliipatia." Nikageukia dirishani.

Baada ya wiki mbili na siku kadhaa Sista Anjela akapiga tena.

"Zena hajafika, mama. Ulimwambia?"

"Nilimwambia."

"Akasemaje?"

"Alicheka."

"Mama Elia, kwenye faili lake, tangu siku ya kwanza, pale pa mtu wa karibu ameandika jina lako. Kulwa hakumwandika. Ndiyo maana nakupigia wewe."

Nilikuwa nimeshika mkasi, nikauweka mezani. Miaka saba. Kwenye faili langu pale niliandika Baba Elia, sikufikiri hata mara mbili. Yeye, mjane, na begi lake mapajani, siku ileile tuliyokutana, alimpa muuguzi jina la mtumwa wake.

Nikamwambia Baba Elia naenda Ruhembe.

"Na miguu hiyo? Utafia njiani."

"Nitafia mbele, lakini nitakuwa nimefika."

Basi la Mikumi kupitia kijiji cha Ulaya lilinichosha hadi mifupa, vumbi limejaa kifuani, na kutoka Mikumi nikapanda gari jingine hadi Ruhembe. Walikuwa wamechoma shamba, majivu meusi ya miwa yanaelea yanatua kwenye nguo za watu. Mke wa Kulwa alinipokea na shikamoo, uso umemwanguka. Zena alikuwa ndani, ameketi mkekani, ameegemea magunia ya mahindi. Amelala amekaa. Nilijua kulala kule.

Aliponiona akajikaza. "Umekuja... kukomboa... kanga?" Kila neno alilivuta peke yake.

"Zena, betri yako inaisha. Sista Anjela alipiga. Twende hospitali leo."

Akacheka, akakohoa. "Bado tu... unaisema hiyo? Tafuta... nyingine, Mkaguru. Hiyo imechacha. Mimi nimezidisha... dagaa tu."

"Siyo utani."

"Mtani akisema... siyo utani... ndiyo utani wenyewe."

Nilikuwa nimeuharibu mdomo wangu mwenyewe, hakuna njia ya kupita pale ila moja. Nikashuka chini mkekani, magoti yakalia, nikakaa uso kwa uso naye.

"Sista alipiga siku tisa kabla ya msiba. Siku tisa nilikaa na ujumbe wako. Namba ya Kulwa ninayo, sikumpigia. Pale msibani nilikuona umevaa malapa, nikajua. Nikasema kwa utani kwa sababu nilijua utacheka, na nilitaka ucheke. Nakuonea wivu, Zena. Tangu ile kliniki ya kwanza. Uliponiimbia jikoni kwangu nilitamani ushike kifua. Nilipoona umevimba, nilifurahi."

Mke wa Kulwa alikuwa mlangoni na kikombe, akabaki hapohapo. Zena alinitazama. Sijawahi kuuona uso wake bila mchezo, nilikuwa sijui hata unafananaje.

"Hiyo," akasema, "siyo ya utani."

"Siyo."

Akamgeukia mkwewe. "Mwite Kulwa. Nipeni begi."

Hakuniambia neno jingine. Mikumi walimchoma sindano ya kutoa maji na kumwekea oksijeni, na asubuhi tukaondoka na gari ya wagonjwa kuelekea Dar, yeye kitandani, mimi na Kulwa pembeni. Tulipoingia mbugani nyani walikuwa wamekaa kando ya lami, familia nzima, mdogo juu ya mgongo wa mama yake. Nikamtazama Zena. Aliwaona. Nilimwona anawaona. Akafumba macho.

Wagonjwa wenzangu, nimechomwa sindano, nimepasuliwa, nimewekewa mpira wa mkojo mbele ya wanafunzi. Hakuna kilichoniuma kama kuwapita wale nyani kimya.

Dar walisoma betri wakakuta imebakiwa na siku za kuhesabu. Sista Anjela hakuniuliza kitu, nami nilitamani aniulize. Kesho yake walimwingiza chumba cha upasuaji kubadilisha. Nilikaa kwenye benchi lile la korido, safari hii begi la Zena nimelipakata mimi. Ndani kulikuwa na kanga yangu, imefuliwa na kukunjwa. Na ile blauzi ya kitenge, sponji limeshaisha kwa kuvaliwa. Nikalia pale mbele ya watu, na mama mmoja mgeni akanishika mkono akidhani nimefiwa.

Waliponiruhusu kuingia alikuwa amelazwa, plasta begani, midomo imerudi rangi yake. Nikasimama miguuni kwa kitanda. Niliogopa kwenda mbele zaidi.

"Mkaguru," akasema, macho juu darini.

"Naam."

"Siku nikifa, sitaki nikuone msibani kwangu."

Kwa mtani hakuna hukumu kubwa kuliko hiyo, na ilinistahili. Nikakubali kwa kichwa, nikaanza kugeuka.

"Utakuja kuniibia na hii mpya."

Nikageuka tena. Alikuwa ananitazama, na kona ya mdomo imeanza kucheza. Nilicheka, nikalia, pua ikanitoka, muuguzi akaja kuuliza nani anafanya fujo wodini. "Mtumwa wangu," Zena akamwambia. "Msamehe, hajazoea kuona watu wazima."

Tangu hapo hajawahi kulitaja tena. Mimi ndiye ninayelitaja, sasa hapa mbele yako. Kama betri yako imekupenda kiasi cha kulima, usiache kliniki kwa sababu ya miwa. Tarehe ikisogezwa karibu, uliza kwa nini. Na kama betri yako ni ya kidogo kama yangu, wivu utakuja, usijidanganye kuwa wewe ni mlokole. Mimi bado ninao. Ya Zena ndiyo kwanza imeanza kuhesabu upya, yangu wanasema inaelekea mwisho, na vifundo vyake vimerudi, na viatu vya mikanda vimerudi navyo. Siku hizi wivu ukinipanda namwambia. "Leo nakuonea wivu, Mnyamwezi." Ananijibu, "Panga foleni, nyuma ya wenzio." Kidogo unashuka.

Kliniki iliyopita Sista Anjela alikuwa anaandika upya mafaili yetu. Akafika kwangu. "Mtu wa karibu, tuendelee na mumeo?"

"Andika Zena," nikasema.

Baba Elia alikuwa pembeni na mfuko wa dawa. Akanigeukia, amenuna kweli. "Na mimi je, Mama Elia?"

"Wewe wakikupigia utaanza kulia utafute viatu," nikamwambia. "Huyu atanitukana kwanza, lakini atakuja."